Gemu Niliyoiwasha Msibani

Siku nilipoiwasha gemu ya tivii kwa mara ya kwanza pale Handeni, kaka yangu alikuwa na wiki mbili kaburini, na kila mtu aliyekuwa sebuleni kwake alilijua hilo isipokuwa mimi.

Nianze na mimi ni nani, maana bila hilo aibu yenyewe haitaeleweka. Mimi ni mtu niliyejitengeneza. Niliondoka Handeni na shati moja la maana, nikaenda Maskati kufanya kibarua cha kubeba majokofu na kuyapandisha ghorofani, na nikarudi na diploma ya elektroniki niliyoisomea jioni, baada ya kazi, mgongo ukiniuma. Hakuna serikali iliyonipeleka. Hakuna mjomba aliyenishika mkono akanipitisha mlangoni. Cheti changu kimewekwa kwenye fremu, na mgeni akikaa sebuleni kwangu hawezi kuacha kukiona. Nayasema haya kwa kifua mbele, na sitaacha kuyasema. Ninachokionea haya ni kingine kabisa.

Ilikuwa miaka ile milango ilipofunguliwa. Tulikuwa tumetoka kwenye foleni za sabuni na sukari, na ghafla maduka ya Korogwe yakajaa redio, mitumba na biskuti za kila rangi. Mtu aliyetoka nje ya nchi alipimwa kwa kile alichokishusha kwenye basi. Redio zilikuwa zimeshashushwa, cherehani zimeshashushwa, hata deki ya video ilikuwapo kwa mfanyabiashara mmoja. Nilitaka nishushe kitu ambacho Handeni haijawahi kukiona. Nikachagua gemu.

Kusema kweli haikuwa mpya. Watoto wa tajiri mmoja niliyekuwa nikimtengenezea vyombo walikuwa wameshaichoka, wameletewa nyingine ya kisasa zaidi. Mimi nikaichukua, nikaifungua, nikaisafisha kila mguso wake wa shaba kwa spiriti, nikaifunga. Ilikuwa boksi la plastiki, jeupe lililoanza kugeuka njano, na juu yake pana mdomo wa kuchomekea kaseti ya mchezo. Ubavuni zilining'inia padi mbili, vile vibao vidogo vya vitufe ambavyo mchezaji huvishika mkononi. Padi moja yangu, moja ya kaka. Katika kaseti zote nilizoonyeshwa, niliichagua ya mpira wa miguu kwa sababu yake.

Kaka ndiye aliyenilea baada ya baba na mama kuondoka. Sisemi alinisomesha, elimu yangu niliitafuta mwenyewe. Lakini aliyenilisha ni yeye. Alikuwa mkata mkonge kwenye shamba moja karibu na Korogwe, na ujanani alikuwa golikipa wa timu ya shamba, mpaka robota la mkonge lilipomwangukia mguuni. Tangu hapo alichechemea, na mpira akabaki kuutazama. Huko Maskati, nikiwa naifunga ile gemu kwenye blanketi, nilimwona amekaa, mguu mbovu ameunyoosha, akidaka mpira kwa vidole. Nililiona jambo hilo zuri sana. Sikumwandikia kwamba narudi. Nilitaka nimtokee.

Basi liliponishusha Korogwe sikupanda gari la Handeni moja kwa moja. Nilikwenda kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba kumtafuta kaka kazini kwake. Niliyemkuta ni rafiki yake mkubwa, Mnyamwezi aliyekuja zamani kukata mkonge na hakurudi kwao tena. Sasa, sisi Wazigua na Wanyamwezi ni watani. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya mkwe wako, anaweza kukuchukulia kuku wako bandani, nawe huna ruhusa ya kununa. Na kwenye msiba mtani ana kazi yake, nitaifikia.

"Mpagazi wangu bado upo?" nikamwita kwa mbali. "Njoo ubebe mzigo, ndiyo kazi mliyoumbiwa nyie!"

Siku zote angenijibu kabla sijafunga mdomo. Safari hii alinitazama kwanza, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Nimekuona, mtumwa wangu," akasema. "Umenenepa. Huko walikuwa wanakunenepesha wakuchinje?"

"Kaka yuko wapi? Yuko zamu?"

"Kaka yako yuko nyumbani Handeni."

"Likizo?"

"Yuko nyumbani," akarudia. Akaliinua boksi la gemu na kuliweka begani. "Twende. Nakusindikiza."

Hakunidanganya hata neno moja, nimelifikiria jambo hilo miaka mingi. Kaka alikuwa nyumbani. Alikuwa nyuma ya nyumba, pembeni ya baba na mama.

Tulidandia pikapu iliyokuwa ikipeleka chumvi na vitenge. Njia nzima niliongea mimi. Nilimweleza mtani wangu habari za diploma, jinsi mwalimu Mhindi alivyonisimamisha mbele ya darasa nieleze saketi ambayo wengine walishindwa, jinsi nitakavyofungua duka la ufundi Korogwe lenye kibao cha rangi mbili. Aliitikia, "Ehe. Ehe." Tulipokaribia Handeni aliuliza swali moja tu.

"Hicho kidude kinapiga kelele?"

"Kina muziki wake. Sauti unaongeza upendavyo."

"Na kupunguza kunawezekana?"

"Wewe ukipewa redio unaipunguza ili iweje?" nikamcheka. Akalisogeza boksi karibu na miguu yake.

Nyumbani kwa kaka palikuwa na watu. Wanawake walikaa kwenye mikeka uani, wanaume kwenye mabenchi chini ya bati la barazani, na sufuria kubwa ilikuwa jikoni. Nyinyi mnaosoma mmeshajua ni watu wa nini. Mimi nilidhani habari zangu zimetangulia. Nilidhani kuna mtu aliniona Korogwe, akawahi. Nikashuka kwenye pikapu taratibu ili kila mtu apate nafasi ya kuviona viatu vyangu.

Wanawake walipoona ni mimi, wakanyamaza wote kwa pamoja. Nikakipenda hata kile kimya.

"Shikamoo mzee," nikamwambia jirani yetu mmoja, rafiki wa marehemu baba, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa pale.

"Marahaba baba. Umefika salama? Alhamdulillahi. Kaa upewe chakula."

"Kaka yuko wapi?"

"Utakula kwanza."

"Na shemeji?"

"Yuko ndani, hajisikii vizuri. Utamsalimia. Kula, baba."

Kwetu habari ya kifo haitupwi usoni mwa msafiri. Mtu aliye mbali haandikiwi, maana ataipokea peke yake katikati ya wageni. Na akirudi hapokewi nayo mlangoni. Atakaa, atanawa, atakula, kisha ataambiwa na yule anayestahili kumwambia. Kwa kuwa wazazi wetu hawakuwapo, anayestahili alikuwa shangazi, dada wa baba, aliyekuwa Kwedizinga. Alikuwa amerudi kwake siku hiyohiyo asubuhi kuangalia mahindi yake. Pikapu ilipokuwa bado inapoa, mtu alishatumwa kumfuata kwa baiskeli. Mpaka shangazi afike, hakuna aliyekuwa na mdomo wa kunena. Haya yote nilizaliwa nayo, nilikua nayo. Lakini nilikuwa nimekaa Maskati, na kichwa kilikuwa kimejaa saketi.

Nikala ugali na kunde, na wao wakanitazama nikila. Nilipomaliza, shangazi hajafika, na mimi si mtu wa kukaa bure. Nikasimama.

"Wazee wangu, nina kitu nataka mkione kabla kaka hajarudi. Nikishakiweka sawa, akiingia tu anakuta kinawaka."

Wazee wakatazamana. Yule mzee jirani akasema polepole, "Mwacheni. Kitamshughulisha."

Nilikuja na tivii ndogo, nyeusi na nyeupe, ya kutumia betri ya gari. Nikaomba betri, na nilishangaa ilivyokuja haraka. Mtu mmoja alikwenda kuifungua kwenye lori lake bila kuuliza nitaitumia muda gani. Nikadhani ni heshima kwangu. Nikapanga vitu mezani sebuleni, nikawaita waingie, wakaingia. Wanaume walijaa ukutani na wanawake wachache mlangoni. Nikaanza kuwafundisha.

Niliwafundisha kweli. Nikawaonyesha waya unaotoka kwenye gemu na kuingia nyuma ya tivii, pale pa antena. Nikawaambia gemu ni kama kituo kidogo sana cha kurushia matangazo, ila matangazo yake yanasafiri ndani ya waya, na tivii lazima iyatafute kama unavyotafuta stesheni ya redio. Nikazungusha kitufe. Chenga. Nikazungusha tena, picha ikaja imelala, ikawa inapanda na kushuka kama shuka linaloanuliwa. Nikaikaza. Ikarudi chenga.

"Kaseti haijakaa," nikasema. "Wengine wangeipuliza kwa mdomo. Huo ni ushamba, mate yanaozesha shaba. Fundi anaitoa, anaifuta, anairudisha."

"Sawa, mwanangu," akasema mzee mmoja. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayembembeleza mgonjwa.

Jambo moja lingenitosha kama ningekuwa na akili. Sebuleni hapakuwa na mtoto hata mmoja. Mtu ameleta gemu, hiyo ndiyo gemu ya kwanza Handeni, na hakuna mtoto dirishani, hakuna mtoto chini ya meza. Watoto wa kaka na wa majirani walikuwa wameondolewa wote mapema, wamepelekwa nyumba ya mbali, kwa kuwa mtoto hawezi kuzuia ulimi. Mimi niliona tu kwamba nafasi ni kubwa, nikafurahi kwamba hakuna wa kunikanyagia waya.

Nilipoirudisha kaseti, picha ikasimama. Uwanja ukatokea, na wachezaji wadogo wakakimbia kuingia, na muziki ukaanza. Ulikuwa muziki mwembamba, wa haraka, unaorudiarudia, na mimi nikauongeza. Nyuma ya pazia la chumba cha kulala nikasikia mtu akikohoa. Nikadhani ni shemeji na homa yake. Alikuwa kwenye eda.

"Nani atacheza nami?" nikauliza. "Msiogope, haina shoti. Lakini atakayecheza ajue, padi hiyo ya pili ni ya kaka. Naiazima tu."

Mwanamke mmoja mlangoni akajifunika uso kwa kanga na kutoka. Wazee wakatazama barabarani kupitia dirishani, wakimngoja shangazi. Na hapo ndipo mtani wangu alipotoka chumba cha uani.

Alikuwa amevaa koti la kaka, lile la kaki lililochanika kwapani, na kofia ya kaka ya shamba ameibonyeza mpaka kwenye nyusi. Aliingia akichechemea, mguu uleule, kwa mtindo uleule wa kuutupa mbele kama anaufukuza. Akakohoa kikohozi cha kaka. Akakaa mkekani kando yangu, mguu ameunyoosha, akaichukua padi ya pili.

"Haya, bwana mdogo," akasema, na hiyo ilikuwa sauti ya kaka kabisa, na jina ambalo kaka peke yake aliniitia. "Umenichelewesha. Twende."

Nilisema nitaifikia kazi ya mtani msibani. Ndiyo hiyo. Mtani huvaa nguo za marehemu, akatembea mwendo wake, akaomba alivyokuwa akiviomba, akawachekesha wafiwa mpaka machozi yapate njia ya kutokea. Nilikuwa nimeiona kwa macho yangu nilipokuwa mdogo, mtani alipovaa tarbushi ya babu na kutuomba ugoro. Niliijua kama ninavyolijua jina langu. Na siku hiyo nilimtazama Mnyamwezi aliyevaa nguo za kaka, katika nyumba iliyojaa watu walionyamaza, nikacheka.

"Vua koti la watu wewe! Kaka akikukuta, atakuonyesha!"

"Kaka ndiyo mimi," akasema. "Piga mpira."

Tukacheza. Kwa kuwa tivii haikuwa na rangi, timu zote mbili zilikuwa za kijivu, na ilinibidi nikisie wachezaji wangu ni wepi. Hata hivyo nilikuwa na mazoezi, yeye hakuwa nayo. Alibonyeza vitufe vyote kwa pamoja kama anakamua ng'ombe. Golikipa wake akakimbilia upande usio na mpira. Nikafunga.

Niliruka. Nakumbuka niliruka kwa miguu yote miwili, ngumi juu, nikapiga kelele ya "Gooo!" iliyosikika barabarani. "Kaka!" nikamwambia mtani, nikiwa nimeingia kwenye utani wake sasa. "Hata golini umezeeka!"

Mtani akaiweka padi chini. Hakuwa akicheka.

"Sijazeeka, bwana mdogo," akasema kwa sauti ileile ya kaka. "Ila goli langu la sasa halifungiki. Wameliziba kwa udongo mbele, nyuma na juu."

Kilio kilianzia mlangoni, kikaenda uani, kikazunguka nyumba nzima. Sikuhitaji kuelezwa. Kila kitu nilichokuwa nimekiona tangu kambini kilikuja mara moja na kupanga mstari. Na badala ya kulia, kama mtu yeyote aliyezaliwa na mama angelia, nilimrukia mtani. Nikamkaba ukosi wa lile koti.

"Vua! Vua nguo ya kaka yangu, mbwa wewe!"

Lilichanika begani. Hakurudisha mkono. Aliniangalia tu, kisha akawageukia watu.

"Mnamwona Mzigua wenu? Diploma yote hiyo, utani hana."

"Mwachie," mzee jirani akanishika kiwiko. "Mwachie, baba, huyo ni mtani. Kazi yake hiyo. Sisi ndio tuliokuwa tumeshindwa."

Nikamwachia. Kumkasirikia mtani msibani ni jambo ambalo kwetu sijawahi kulisikia likifanywa na mtu mwenye akili timamu. Na muziki ule bado uliendelea, na wachezaji wa kijivu walikuwa wamesimama uwanjani wakingoja. Mimi niliyetoka kuwafundisha watu wazima kila swichi, sikuikumbuka ya kuzimia. Nilibonyeza hii, nikabonyeza ile. Mwisho mwenye lori akainama, akachomoa waya kwenye betri yake.

Shangazi alifika amekaa nyuma ya baiskeli, vumbi mpaka kwenye kope. Akasimama mlangoni akatutazama.

"Ameambiwa?"

"Mtani ameshasema," wakamjibu.

"Mtani hajasema. Mtani amecheza." Akanivuta mkono. "Kaa chini."

Nikakaa. Akakaa mbele yangu, magoti yetu yakigusana, akaniambia mwanzo mpaka mwisho kama vile sikuwa najua lolote. Kaka aliugua tumbo. Alipelekwa hospitali ya Korogwe, akalala huko, akarudishwa akiwa hai, akafia kitandani kwake. Akamtaja aliyemwosha, akaniambia watu walivyokuwa wengi makaburini, na kwamba mvua iliwasubiri mpaka walipomaliza.

"Aliniulizia?" nikauliza.

Shangazi alifikiri. Hakuwa mtu wa kupamba maneno. "Alipokuwa mzima alikuulizia kila siku. Alipougua aliomba maji."

Hapo ndipo nililia. Kisha watu wakaja mmoja mmoja kunipa mkono, walewale niliowapanga ukutani na kuwafundisha habari za antena, na kila mmoja akasema pole, Mungu akupe subira. Hakuna aliyeitazama meza. Mtani wangu alikuja naye, amelivua koti na kulikunja vizuri, akanipa mkono kama wengine. Nikataka kumwomba radhi. Akanifinya vidole kwa nguvu ninyamaze, maana mtani haombwi radhi. Hata njia hiyo ya kutokea sikuwa nayo.

Shangazi akanipeleka kwenye pazia la chumba. Mwanamke aliye edani haonani na shemeji yake, kwa hiyo nilikaa sakafuni upande huu, naye akakaa upande ule. Nilikuwa nimejiandaa kumpa pole. Akanitangulia yeye.

"Pole, shemeji."

"Pole na wewe, shemeji. Nisamehe kwa zile kelele."

"Nilikusikia ulivyoshangilia," akasema. "Walikuja hapa kuniuliza kama wakuzuie. Nikawaambia, mwacheni kidogo. Bado ana kaka."

Niliuona mkono wake ukilisogeza pindo la pazia ili lisiniguse, nami nikabaki nimekaa pale, macho chini, mpaka shangazi aliporudi na ndoo ya maji, akaniambia nikatawadhe tuwahi kaburini kabla giza halijaingia.